Mbwa wa Kuchunga na Kosa Langu

Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ametutaka sisi wa kidato cha sita, kila mmoja aandike habari moja kabla hatujaondoka. Wenzangu wengi wamechagua mpira, safari, au maisha ya bwenini. Mimi nimechagua mbwa. Nilipowaambia hivyo walicheka sana, maana kwetu kumtaja mtu pamoja na mbwa ni kama kumtukana. Lakini nawaombeni, ninyi mnaosoma hapa na ninyi mliokwisha maliza, mnivumilie mpaka mwisho. Habari hii haihusu mbwa peke yake. Yanihusu na mimi, na sijapata kuisimulia mbele ya watu.

Kwetu ni Kigezi, kusini magharibi ya Uganda. Waliofika huko wajua jinsi vilima vilivyobanana, na mashamba yalivyokatwa ngazi ngazi kutoka bondeni hata karibu na kilele. Ardhi ni haba na watu ni wengi. Shamba la huyu lapakana na la yule bila nafasi, na njia ya kupitishia mbuzi ni nyembamba kama mshipi. Kwa hiyo kuchunga kwetu si kazi ya kulala chini ya mti. Mbuzi akigeuza kichwa tu, amekwisha kula maharagwe ya mtu, na mwenye shamba ana haki ya kudai.

Nilipokuwa na miaka 14, nami niko kidato cha pili, nilikuja nyumbani likizo, na Baba akanikabidhi mbuzi tisa na kondoo wanne. Pamoja nao alikuwako mbwa wetu. Jina lake lilikuwa Simba, ingawa hakuwa na cha simba ila rangi. Masikio yake yalisimama na mkia wake ulijikunja. Kazi yake ilikuwa kulinda. Usiku alilala mlangoni pa zizi. Mchana alifuatana na mchungaji, akachagua jiwe la juu, akakaa hapo kuangalia kama yuko mgeni au mbwa wa watu. Hata siku moja hakufundishwa kugeuza mbuzi. Kugeuza mbuzi kwetu ni kazi ya mvulana na fimbo yake.

Basi, muhula ule nilikuwa nimeona katika kitabu kimoja picha ya mbwa mweusi na mweupe. Alikuwa ameinama mbele ya kundi la kondoo, na kondoo wote wakimtazama. Chini ya picha iliandikwa kwamba mbwa huyo huchunga kondoo. Hayo tu. Mimi nikaongeza mengine kwa akili yangu. Nikawaambia wavulana wa kijijini kwamba mbwa wa Ulaya huchunga peke yao, na kwamba mbwa ni mbwa. Awezacho yule, Simba naye atakiweza. Siku ya pili yake palikuwa na mpira kule bondeni. Nikamwonyesha Simba mbuzi kwa kidole, nikamwambia, "Chunga," nikaenda zangu.

Niliporudi jua lilikuwa limeinama. Mbuzi wote walikuwa ndani ya shamba la mama mmoja mjane, jirani yetu, katikati ya maharagwe yaliyokuwa yakianza kutoa maua. Simba alikuwa juu ya jiwe lake, ametulia, maana hakuna mgeni aliyepita. Nikashikwa na hofu. Nikampigia kelele, "Kamata! Kamata!" Neno hilo ndilo tulilomfundisha la kufukuzia wezi. Naye akatii. Aliwaingilia mbuzi mbio, wakatawanyika, wakakanyaga hata sehemu iliyokuwa imesalimika. Jike mmoja mwenye mimba akaruka ukingo wa shamba, akaangukia ngazi ya chini, mguu wake wa mbele ukavunjika.

Jioni Baba aliuliza. Mjane alikuwapo, na mwenyekiti wa kijiji alikuwapo, na mbuzi alikuwa amelazwa uani, mguu una damu. Nikasema, "Ni Simba, Baba. Amewafukuza mpaka shambani, akamwuma huyu mguu." Maneno hayo yalitoka upesi kuliko nilivyodhani. Baba akanitazama, akamtazama mbuzi, akaniuliza mara ya pili. Nikajibu vile vile.

Kwetu mbwa aliyeonja damu ya mbuzi hafugwi. Asubuhi baba mdogo alikuja na kamba na mkuki wake. Simba akamfuata akitikisa mkia, maana alidhani wanakwenda kuwinda. Baba mdogo alirudi peke yake.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Labda ya wengine ni fupi. Yangu ilichukua karibu miaka mitano, na hakuna aliyenikamata. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Nilifaulu mitihani, nikapongezwa, nikarudi nyumbani likizo baada ya likizo, nikapita karibu na lile jiwe. Nilizoea kutolitazama.

Mwaka jana, tulipokuwa kidato cha tano, mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alikuwa akitufundisha juu ya tabia wanazozaliwa nazo wanyama na tabia wanazojifunza. Ili tuelewe akatuonyesha filamu ya mbwa wa kuchunga. Nikamwona tena yule yule wa picha, mweusi na mweupe, lakini safari hii anakwenda. Alikimbia mbali, akawazunguka kondoo kwa upana kama mtu anayechora duara, akafika nyuma yao, akalala chini. Kisha akaanza kunyemelea polepole, kichwa chini, macho hayapepesi, nao kondoo wakaja kama maji yanavyofuata mfereji. Hakubweka hata mara moja. Mbali kabisa alisimama mzee mmoja na fimbo, anapiga mluzi. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilikaa kimya. Baada ya kipindi nikaenda maktaba, na kwa muda wa muhula mzima nikatafuta kila kilichoandikwa juu ya mbwa huyo. Wenzangu walidhani nataka kuwa daktari wa mifugo. Sikuwaambia kwamba nilikuwa natafuta kujua Simba alikosa nini.

Haya ndiyo niliyoyapata.

Mbwa huyo aitwa koli wa mpakani, kwa sababu asili yake ni nchi ya vilima iliyo mpakani mwa Uingereza na Uskoti. Lakini habari zake zaanza kabla hajapewa jina. Mwaka 1570 tabibu mmoja Mwingereza, John Caius, alichapisha kitabu kidogo cha Kilatini juu ya mbwa wa nchi yake. Alieleza kwamba mbwa wa mchungaji wa Uingereza si mkubwa sana, kwa kuwa hana haja ya kupigana na mbwa mwitu. Nchini kwake walikuwa wamekwisha malizwa. Akaeleza pia kwamba mbwa huyo husikia sauti ya bwana wake, au mluzi wake, akaenda kuwakusanya kondoo, na kwamba mchungaji wa Uingereza hutembea nyuma ya kondoo wake badala ya kuwatangulia.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Katika nchi zenye chui, fisi na wezi, watu hufuga mbwa wa kulinda. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na ndivyo ilivyokuwa katika milima ya Uturuki na Italia, ambako mbwa wa kondoo ni wakubwa na wakali, na hukaa na kundi usiku na mchana ili kulihifadhi. Mahali ambapo adui ametoweka, kazi ya mbwa hugeuka. Huko mpakani mwa Uskoti kondoo waliachwa watembee juu ya milima mipana isiyo na ua, na mtu mmoja alikuwa na mamia ya kondoo wa kuangalia. Hakuwa na wavulana kumi wenye fimbo. Alihitaji miguu minne ya kumkimbilia mpaka kileleni na kumletea kondoo chini bila kuwaumiza. Kwa hiyo Simba na mbwa wa filamu hawakuwa mmoja mvivu na mwingine hodari. Kila mmoja alikuwa jibu la swali la nchi yake.

Kwa muda wa miaka mingi wachungaji hao hawakujali sura ya mbwa. Mweusi, mwekundu, mwenye manyoya marefu au mafupi, mwenye sikio lililosimama au lililolala, yote yalikuwa sawa. Swali lilikuwa moja tu: Je, kazi aiweza? Aliyeiweza alizalishwa, na asiyeiweza hakuzalishwa. Hivyo bila kitabu wala shule walikuwa wakifanya kazi ile ile ambayo wazee wa Ankole waliifanya juu ya ng'ombe wao wenye pembe ndefu, yaani kuchagua kizazi baada ya kizazi.

Katikati ya karne ya 19 njia iligawanyika. Mashindano ya kuonyesha mbwa yalianza mijini, na Malkia Victoria aliwapenda sana koli aliowaona kwake Balmoral. Matajiri nao wakawataka. Lakini tajiri wa mjini hana kondoo. Alitaka mbwa mwenye manyoya marefu, pua ndefu na rangi ya kupendeza, na wafugaji wakampa alichotaka. Huyo ndiye koli wa maonyesho, mbwa mzuri kabisa wa kutazama, ambaye kwa vizazi vingi hakuulizwa tena kama kazi aiweza. Wachungaji wa vilimani waliendelea na mbwa wao wa siku zote.

Ili kupima kazi, si sura, yakaanzishwa mashindano ya namna nyingine. Mwaka 1873, huko Bala katika nchi ya Wales, bwana mmoja mwenye ardhi, R. J. Lloyd Price, aliandaa mashindano ya mbwa wa kondoo ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Uingereza nzima. Watu wa Wales walikuja na mbwa wao kwa fahari. Aliyeshinda ni Mskoti aliyekuwa akikaa huko huko Wales, na mbwa wake mdogo aliyeitwa Tweed.

Sasa twafikia mwaka 1893. Katika mkoa wa Northumberland, upande wa Uingereza wa mpaka ule, alikuwako mfugaji aitwaye Adam Telfer. Alikuwa na mbwa dume jina lake Roy, mpole, mwenye kupenda watu, lakini katika kazi hakuwa mkali. Alikuwa pia na jike mweusi jina lake Meg. Huyo alikuwa na haya nyingi, na macho yake yalikuwa na nguvu mno. Mbwa wa namna hiyo aweza kuwakazia kondoo macho hata wakasimama kabisa, na yeye mwenyewe akasahau kusogea. Roy peke yake hakutosha, na Meg peke yake alizidi. Telfer akawazalisha, na mwezi wa Septemba mwaka ule akazaliwa mtoto aliyeitwa Hemp. Leo watu humwita Old Hemp, yaani Hemp Mzee.

Hemp alikuwa na kiasi ambacho wazazi wake hawakukipata. Alifanya kazi kimya. Hakubweka wala hakuuma. Alinyemelea na kutazama, na kondoo wakamtii bila kuingiwa na wazimu. Wachungaji waliomwona waliacha kutamani mbwa wa kelele. Kila mmoja alitaka mtoto wa Hemp. Alikufa mwaka 1901, kabla hajatimiza miaka 8, lakini yasemekana alikuwa ameacha watoto zaidi ya 200, na leo karibu kila koli wa mpakani ulimwenguni, nasaba yake ikifuatwa nyuma, humfikia yeye.

Mwaka 1906 wachungaji wa Uingereza na Uskoti walikutana Haddington na kuanzisha Chama cha Kimataifa cha Mbwa wa Kondoo. Katibu wake aliyejulikana sana, mwanasheria James Reid, ndiye atajwaye kuwa alilitumia jina la koli wa mpakani mwaka 1915, ili mbwa wa kazi asichanganywe na yule wa maonyesho. Chama kikaandika nasaba katika vitabu, kikapanga mashindano makubwa. Mwaka 1965 bingwa alikuwa mbwa aliyezaliwa 1963, jina lake Wiston Cap, aliyeongozwa na Jock Richardson. Kila mtu akataka mtoto wake kama walivyotaka wa Hemp, na watoto wake walioandikwa wakapita 1,900.

Lakini kila baraka ina gharama yake. Watu wakizalisha sana kutoka kwa wazee wachache, ugonjwa uliojificha katika damu hupata nafasi ya kujitokeza. Koli hawa walionekana kuwa na ugonjwa wa macho ambao huharibu pazia la ndani ya jicho polepole mpaka mbwa akapofuka. Fikirini: mnyama ambaye jicho lake ndilo fimbo yake! Chama kikaanza kuwapima mbwa macho, na wagonjwa hawakuzalishwa tena, na baada ya miaka ugonjwa ule ukapungua sana. Napenda habari hiyo kwa kuwa waliokosea hawakuuficha ugonjwa ili kulinda bei ya watoto wa mbwa wao. Waliutaja, wakaupima, wakautengeneza.

Ugomvi wa sura na kazi nao haukwisha. Mwaka 1976 chama cha maonyesho cha Uingereza kilimpokea koli wa mpakani katika orodha yake, na mwaka 1995 kile cha Marekani kikafanya hivyo, ingawa wenye mbwa wa kazi huko Marekani walipinga kwa nguvu. Waliogopa kwamba waamuzi wa sura wataharibu katika miaka michache kitu kilichojengwa kwa karne nyingi.

Mtauliza, je, hiyo nguvu ya macho ni nini? Mwalimu wetu alitueleza vizuri. Mbwa wote ni uzao wa mbwa mwitu wa zamani. Mbwa mwitu akiwinda hufuata hatua: humwona mnyama, humkazia macho, hunyemelea, hukimbiza, huuma, huua. Katika koli wa mpakani wachungaji walizikuza hatua za mwanzo, kukazia macho na kunyemelea, wakaipunguza ile ya kuuma mpaka ikawa karibu kulala. Yaani mbwa yule huwinda nusu. Kondoo wamwona kama adui, ndiyo sababu wanakwenda. Lakini adui huyo hafiki. Ndani ya mbwa wetu wa kijijini hakuna mkono uliozipanga hatua hizo. Ukimwambia "Kamata", atakwenda moja kwa moja kukamata.

Tena hata koli mwenyewe hazaliwi fundi. Huzaliwa na hamu ya kuwazunguka kondoo na kuwaleta kwa bwana wake. Mengine yote hufundishwa: mluzi wa kwenda kushoto, mluzi wa kwenda kulia, neno la kusogea, neno la kuacha. Na jambo ambalo mchungaji hulitaka kabla ya yote ni kulala chini akiambiwa, hata moyo wake ukimvuta namna gani. Mbwa asiyeweza kusimama haaminiwi kukimbia. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na mtu hufundisha huku naye akifundishwa.

Katika fainali ya mashindano yale makubwa, mbwa hutumwa kuleta kondoo kumi kutoka upande mmoja wa mlima, kisha huwaacha na kurudi kuleta kumi wengine wasioonekana vizuri. Mwishowe katika hao 20 hutengwa watano waliovishwa ukanda shingoni, nao huingizwa zizini. Nilitaka kujua alama huhesabiwaje. Huanza na alama kamili, na kila kosa huondoa. Kondoo akipotoka njia, alama hupungua. Mbwa akienda vibaya, hupungua. Mchungaji akitoa amri vibaya, hupungua. Lakini hakuna hesabu mbili, moja ya mtu na moja ya mbwa. Karatasi ni moja. Mchungaji hana mahali pa kuandika kwamba yeye alifanya vema, mbwa ndiye aliyeharibu.

Usiku ule nilikaa maktaba mpaka taa zikazimwa. Nilikuwa nimetafuta Simba alikosa nini, nikaona hakukosa lolote. Aliambiwa alinde, akalinda. Aliambiwa akamate, akakamata. Neno la katikati, lile "Chunga" nililomtupia kama mtu anayetupa mfupa, hakuna aliyemfundisha, wala mimi, wala babu zake.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nimekata shauri. Hata hivyo siku nne zilipita. Siku ya tano Baba alikuwa akitengeneza ua wa zizi, nami nikimshikia miti. Nikasema, "Baba, Simba hakumwuma mbuzi yule. Niliwaacha mbuzi, nikaenda kucheza mpira. Mimi ndiye niliyemwambia akamate."

Baba hakuacha kufunga kamba. Akasema, "Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea, "Mguu wa mbuzi niliutazama jioni ile ile. Haukuwa na alama ya jino. Ulichanwa na jiwe."

"Kama ulijua, Baba, kwa nini Simba aliuawa?"

Hapo akaacha kamba. Akasema, "Mama yule alikuwa akingoja, na mwenyekiti alikuwa akingoja. Nilikuuliza mara mbili. Kama ningesema mbele yao kwamba mwanangu ni mwongo, ungalibaki na jina hilo kijijini mpaka leo. Nikasema moyoni, usiku utamfundisha, asubuhi atakuja. Hukuja. Baba yako mdogo alipofika na kamba nilikutazama tena. Ulikuwa unafunga viatu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nami ningaliweza kuizuia ile kamba. Sikuizuia. Basi, nipe mti mwingine."

Hatukuongea tena juu ya habari ile. Tulimaliza ua kabla ya jua kuchwa.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yule mjane. Baba alikuwa amemlipa maharagwe yake zamani, mwaka ule ule, wala sikuwahi kujua. Nilipomweleza alikaa kimya, halafu akasema kwamba mbwa yule wakati wa mvua alikuwa akija kulala barazani kwake, na kwamba tangu alipokufa usiku umekuwa mrefu. Kisha akanionyesha jembe lililoegemezwa ukutani. Nililima kwake siku tatu. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza.

Sasa mdogo wangu ndiye anayechunga. Nyumbani pana mbwa mwingine, mtoto bado, asiye na nasaba ya kuandikwa katika kitabu chochote. Simtarajii awe koli wa mpakani, na nimemwambia mdogo wangu hivyo hivyo. Nilipokuwa huko tulimfundisha jambo moja tu, kulala chini akiambiwa. Ilituchukua karibu likizo nzima. Siku ya kwanza alipolala mbuzi wakipita mbele yake, mdogo wangu alirukaruka kwa furaha. Nikamwambia, "Akiweza, msifu. Asipoweza, jiulize wewe kwanza." Sikumweleza kwa nini. Atakaposoma gazeti hili ataelewa.

Kati yenu, wanafunzi wa zamani, najua wako waliokwenda kusoma au kufanya kazi katika nchi za mbali. Kama yuko aliyefika vilima vile vya mpakani na kuwaona mbwa hawa kazini, namwomba amwandikie mhariri atueleze alivyoona kwa macho yake, maana mimi nimewaona katika vitabu na filamu tu. Na ninyi mnaobaki hapa shuleni, nawatakia masomo mema. Kama mmoja wenu analo jambo ambalo amemtwika mwingine asiyeweza kujitetea, asingoje miaka mitano kama mimi. Aliyemtwika hawezi kungoja hivyo.